Kikanyagio Kikipinda: Namna ya Kukinyoosha Bila Kuiumiza Injini

Pikipiki ikianguka kwa ubavu, kishindo hupokelewa na vitu vichache vilivyochomoza: ncha ya usukani, kioo, na kikanyagio cha mguu. Kioo kikivunjika au mkono wa klachi ukikatika, mwenye pikipiki hununua kingine siku hiyohiyo. Kikanyagio kikipinda, wengi hukipiga teke mbili tatu, mguu unazoea mkao mpya, na kazi inaendelea.

Mazoea hayo ni ya hatari. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma kwa kuegemea kikanyagio. Kisigino kikikosa pa kutulia, vidole huchelewa kuifikia pedali. Mguu wa kushoto hubadilisha gia kwa namna hiyohiyo. Kwenye kona, kwenye matuta na kwenye barabara ya vumbi, uzito wa mwili unashukia miguuni, nao ndio unaoiweka pikipiki sawa. Kikanyagio kilichoinama kuelekea chini humtelezesha dereva mguu hasa mvua inaponyesha.

Habari njema ni kwamba kikanyagio cha chuma kinanyooka, tena kwa vifaa vinavyopatikana kwenye gereji yoyote ya mtaani. Kanuni inayotawala kazi yote hii ni moja: nguvu ya kunyoosha isipite kwenye injini. Anayetia bomba kwenye kikanyagio na kuvuta huku kikiwa bado kimefungwa kwenye pikipiki anaweza kunyoosha chuma cha bei ndogo na papo hapo akapasua kava la injini. Ukiishika kanuni hiyo, hatua zilizobaki zinahitaji subira tu.

Pikipiki ikiwa bado imelala

Anza na mwili wako. Ukiwa na maumivu ya shingo, kizunguzungu au mguu usiokanyagika, pikipiki isubiri. Ukiwa mzima, zima ufunguo na funga koki ya petroli kama pikipiki yako ni ya kabureta. Petroli ikiwa imemwagika, hakuna sigara wala kujaribu kuwasha mpaka imekauka na harufu imeisha.

Kuinyanyua, geuza mgongo wako uelekee kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mkono mwingine, kisha sukuma kwa miguu huku mgongo ukiwa umenyooka. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda inazidi kilo 100, na ukiivuta kwa kuinama, kiuno ndicho kitakacholipa. Kama imeangukia kulia, shusha kwanza stendi ya pembeni ili isije ikapinduka upande wa pili. Ingiza gia ili isitembee.

Ikisimama, usiwashe papo hapo. Chunguza mambo manne. Je, oili inavuja chini ya injini au kwenye kava la ubavu? Je, pedali ya breki inashuka na kurudi yenyewe? Je, pedali ya gia inapanda na kushuka bila kugusa kikanyagio? Je, akselereta inarudi yenyewe ukiiachia? Jibu moja likiwa baya, pikipiki isukumwe au ibebwe. Kama yote ni mema, isubirishe dakika chache oili irudi chini, piga kiki mara kadhaa ufunguo ukiwa umezimwa, ndipo uwashe.

Ikiwa kikanyagio kimepanda juu na kuibana pedali ya breki, usiendeshe hata kwa umbali mfupi. Breki iliyobanwa ama haishiki, ama imeshika muda wote. Ikikamata bila kuachia, ngoma ya nyuma inapata moto na viatu vya breki vinaungua.

Fahamu kilichopinda

Pikipiki zinatofautiana namna zinavyobeba vikanyagio vya dereva, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua utengeneze vipi. Mitindo mikuu ni mitatu.

Wa kwanza ni baa moja ya chuma inayopita chini ya injini kutoka kushoto kwenda kulia, yenye raba kila mwisho, iliyofungwa kwa boliti, aghalabu nne. Mtindo huu unafahamika sana kupitia Honda CG125, pikipiki iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1970, ambayo viwanda vingi vya China viliinakili baadaye. Nyingi kati ya pikipiki za biashara zinazobeba abiria Afrika Mashariki zina baa ya namna hii. Baadhi hufungwa kwenye fremu, na nyingine hufungwa moja kwa moja kwenye tumbo la injini, ambalo ni la alumini. Lala chini utazame ya kwako imeshikwa wapi.

Wa pili ni kikanyagio kinachojikunja. Kimeshikwa na pini kwenye mabano ya chuma yaliyochomelewa au kufungwa kwenye fremu, na springi hukirudisha. Huu utaukuta kwenye pikipiki nyingi za porini, na karibu kila mahali kwenye vikanyagio vya abiria.

Wa tatu ni wa alumini ya kumimina, unaoonekana kwenye pikipiki za michezo: kikanyagio na bamba linalokishika vyote ni vya alumini.

Ukishatambua mtindo, simamisha pikipiki kwa dabo stendi kwenye sakafu iliyo sawa. Pima kwa futikamba kutoka sakafuni hadi ncha ya kikanyagio cha kushoto, halafu cha kulia. Pima tena kutoka kila ncha hadi ekseli ya tairi la nyuma. Vipimo vya sakafuni vinakuonyesha kama kimepanda au kimeshuka. Vya ekseli vinakuonyesha kama kimesukumwa nyuma. Ekseli yenyewe iwe imekaa sawa pande zote mbili, maana mnyororo ukikazwa vibaya tairi hukaa upande na vipimo vyako vitadanganya. Kama kuna pikipiki ya aina yako kijiweni, ipime hiyo pia. Kipimo cha pikipiki nzima ni bora kuliko kukadiria kwa jicho.

Sasa fuatilia njia ya kishindo. Nguvu iliingia kwenye ncha ya kikanyagio, ikapita kwenye baa au mabano, ikafika kwenye boliti, na ikaishia kwenye fremu au injini. Kagua kila kituo. Vua raba na usafishe chuma kwa brashi ya waya, hasa kwenye kona ya kupinda na kwenye viungo vya kuchomelea. Tazama kama rangi imebanduka kwa mistari, kama tundu la boliti limekuwa na umbo la yai, kama kichwa cha boliti kimeinama.

Ufa mdogo hauonekani kwa macho, lakini kuna njia rahisi ya kuutafuta. Pakaza mafuta ya taa mahali unapopashuku, subiri kama dakika 10, kausha kabisa kwa kitambaa kikavu, kisha sugua chaki nyeupe juu yake. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Fanya hivyo kwenye kona ya baa, na pia kwenye tumbo la injini kuzunguka matundu ya boliti. Ukiona mstari kwenye injini, hilo ni jambo la fundi wa injini, na usiendeshe mpaka alitazame.

Kunyoosha au kununua

Chuma laini kinakubali kupinda na kunyooka kwa sababu kinanyumbulika kabla ya kukatika. Lakini kila kikipindwa kikiwa baridi, mahali pale panakuwa pagumu zaidi na pepesi zaidi kukatika. Ndiyo maana kipande cha waya ukikipinda na kukinyoosha mara nyingi kinakatika mkononi. Kikanyagio kilichonyooshwa mara moja kwa uangalifu kinaendelea na kazi. Kilichonyooshwa palepale mara ya pili hakistahili kubeba mtu.

Nunua kipya ikiwa:

- kuna ufa wowote kwenye chuma au kwenye kiungo cha kuchomelea;
- mahali hapohapo pamewahi kunyooshwa au kuchomelewa;
- bomba la baa limebonyea na kuwa bapa kwenye kona;
- kimepinda sana, karibu nusu ya pembe mraba au zaidi;
- kutu imekula chuma kikawa chembamba;
- kikanyagio au mabano yake ni ya alumini.

Kuhusu alumini, usishawishike. Alumini ya kumimina haina unyumbufu wa chuma. Mara nyingi inapasuka ikirudishwa. Kuipasha moto kuna hatari yake, kwa sababu haibadiliki rangi kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka. Inayeyuka hata kabla ya kufikia nyuzi joto 660, na inaweza kudondoka ghafla huku ukidhani bado haijapata moto.

Ukienda dukani, beba baa ya zamani. Baa mbili zinaweza kufanana kwa macho lakini matundu yakatofautiana kwa milimita chache, na anayelazimisha boliti kuingia kwenye tundu lisilo lake anaharibu uzi wa injini. Linganisha matundu, unene, na mahali pa kufungia stendi ya pembeni.

Kufungua

Utahitaji spana za soketi (boliti za milimita 8 aghalabu huwa na kichwa cha namba 12, 13 au 14), brashi ya waya, mafuta ya kulegezea kutu au dizeli, plaizi, na kopo la kuwekea boliti. Subiri injini na ekzosi vipoe kabisa, kwa kuwa mikono yako itafanya kazi karibu navyo.

Safisha matope kwenye vichwa vya boliti mpaka soketi ikae hadi mwisho. Tia mafuta na uyaache yanywe. Kwa boliti yenye kutu nyingi, tia jioni na ufungue asubuhi. Tumia soketi yenye pembe sita, kwani ya pembe kumi na mbili huteleza na kumung'unya kichwa.

Kama stendi ya pembeni imefungwa kwenye baa, ondoa springi yake kwanza. Ishike kwa plaizi au uivute kwa kamba imara, uso ukiwa mbali. Springi ikichomoka inaruka kwa nguvu. Angalia pia kama springi ya pedali ya breki imeshikizwa kwenye baa. Piga picha kwa simu kabla ya kuvua chochote. Picha hiyo itakuonyesha springi ilikaa upande gani na washa ipi ilikuwa wapi.

Legeza boliti zote nne robo mzunguko kabla ya kutoa hata moja, ili mzigo usibaki kwenye boliti ya mwisho. Boliti ikikataa, igonge kichwani kwa nyundo ndogo, tia mafuta tena, jaribu kuikaza kidogo kisha kuilegeza. Usipige kwa hasira boliti iliyoshika kwenye alumini. Uzi ukitoka na boliti, kazi ya saa moja inageuka kuwa kazi ya kutoboa na kutengeneza uzi mpya.

Kunyoosha bila moto

Kwa baa iliyopinda kidogo, hii ndiyo njia ya kutangulia nayo. Unahitaji jiliwa lililofungwa imara kwenye meza nzito, na bomba la chuma lenye urefu wa karibu mita moja ambalo ncha ya kikanyagio inaingia ndani yake bila kuchezacheza.

Bana baa kwenye jiliwa upande ulionyooka, karibu kabisa na mahali kupinda kunapoanzia. Sukuma bomba liingie mpaka lifike upande wa pili wa kupinda. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanabana mbali au wanashika ncha tu, na baa inapinda mahali papya. Mwishowe inakuwa na makona mawili badala ya moja, na hiyo hainyooki tena vizuri.

Vuta taratibu kwa uzito wa mwili, bila kushtua. Chuma kina tabia ya kurudi nyuma kidogo ukikiachia, kwa hiyo vuta kupita kidogo pale unapotaka, achia, pima, rudia. Vuta mara kadhaa kwa hatua ndogo, usitafute kumaliza kwa mvuto mmoja. Asisimame mtu yeyote kwenye njia ya bomba, na valia miwani ya kukinga macho.

Pima kwa rula ya chuma au ubao ulionyooka. Kisha fanya kipimo kilicho muhimu kuliko vyote: laza bamba la matundu ya boliti juu ya sakafu au kioo kinene. Sehemu zote zinazogusana na injini zikae chini bila kuyumba. Bamba likiwa limejikunja hata milimita 1, utakapokaza boliti utakuwa unalazimisha injini ijikunje nalo. Kama linayumba, linyooshe kwa kuligonga juu ya fuawe mpaka lilale.

Kunyoosha kwa moto

Chuma kinene au kilichopinda kwenye kona kali kinahitaji moto. Moto hupunguza nguvu unayohitaji na huepusha chuma kukatika. Hii ni kazi ya mhunzi au fundi wa gesi. Katika maeneo ya Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji jijini Nairobi kuna mafundi wanaofua chuma kutwa nzima, na karibu kila mji una wa kwake. Hata ukimwachia fundi, ujue kazi inavyopaswa kwenda ili uisimamie.

Vua kila kitu kisicho chuma cha baa: raba, springi, pini, boliti. Springi na boliti nzuri zilipewa ugumu wao kiwandani kwa moto uliopimwa. Zikipata moto wa kienyeji zinakuwa laini na hazifai tena. Kwangua rangi na kromu mahali pa moto, maana moshi wake una sumu, na kazi ifanyike mahali penye hewa.

Kama baa ni bomba lenye uwazi, jaza mchanga mkavu ili kuta zisibonyee. Mchanga uwe umekaangwa mpaka umekauka kabisa, na ncha moja izibwe kwa kitambaa tu. Maji yaliyofungiwa ndani ya bomba la moto yanageuka mvuke na yanaweza kulipua.

Moto uelekezwe kwenye kona iliyopinda na sentimita chache kila upande, mpaka chuma kiwe chekundu kilichokolea. Hapo kimefika nyuzi joto 700 na zaidi. Kazi ifanyike kivulini, kwa kuwa juani rangi haionekani na fundi anaweza kupitiliza. Kikianza kuwa cha njano na kutoa cheche, kinaungua. Kinyooshwe kikiwa bado chekundu, na wekundu ukitoweka kirudishwe motoni. Kukipinda kikiwa kwenye joto la kati, pale chuma kinapochukua rangi ya bluu, ni hatari: katika joto hilo chuma kinakuwa chepesi kukatika.

Kisha kiachwe kipoe chenyewe hewani. Usikubali kitumbukizwe kwenye ndoo ya maji ili upate haraka. Chuma kingine kikipozwa ghafla kinakakamaa na kuwa kama cha kuvunjika, na huwezi kujua kwa macho kiwanda kilitumia chuma gani. Kikipoa, rudia kipimo cha chaki kwenye kona, hasa upande wa nje ambao chuma kilivutwa. Mstari ukitokea, usikichomelee. Nunua kipya.

Ikibidi kuchomelea mabano yaliyo kwenye fremu yenyewe, tanki litolewe na lipelekwe mbali, betri ifunguliwe nyaya zote mbili, na kifaa cha umeme kinachoongoza plagi kichomolewe. Waya wa ardhi wa mashine ushikizwe karibu kabisa na mahali pa kuchomelea, ili umeme usipite kwenye beringi.

Kikanyagio cha kukunja na cha abiria

Kikanyagio kinachojikunja kimetengenezwa hivyo ili kikigonga chini kipande juu badala ya kuipindua pikipiki. Kwa hiyo usikichomelee kikawa kigumu, hata kama kinakera kwa kulegea.

Mara nyingi hiki chenyewe hakijapinda. Kilichopinda ni pini au mabano. Toa kotapini, gonga pini itoke, uizungushe juu ya kioo. Ikiyumba, imepinda; pini mpya ni ya bei ndogo. Tazama mabano mawili yanayoishika: yawe sambamba. Yaliyofunguka yanaweza kubanwa kwa jiliwa dogo au klampu, ukiweka katikati kipande cha chuma chenye upana wa kikanyagio ili yasibane kupita kiasi.

Ikiwa kikanyagio kinaning'inia chini kuliko mwenzake, angalia kisigino chake kinachogota kwenye mabano. Kisigino kilicholika kinaweza kuongezewa chuma kwa kuchomelea, kikiwa nje ya pikipiki, kisha kikapunguzwa kwa tupa mpaka kikanyagio kilingane na cha upande wa pili. Wakati wa kurudisha, paka grisi pini, weka kotapini mpya na ukunje miguu yake. Kotapini ya zamani iliyonyooshwa hukatika.

Vikanyagio vya abiria visisahaulike. Kwenye pikipiki nyingi za biashara vimeshikwa kwenye mkono unaobeba tairi la nyuma, na hivyo vinatikisika nalo kila tairi linaporuka. Abiria hana usukani wa kushika. Miguu yake ndiyo inayomtuliza. Kikanyagio cha kulia kikiinama, mguu wake unashuka kuelekea ekzosi, na majeraha ya kuungua shavu la mguu yanafahamika vijiweni. Mama aliyekaa upande na mtoto mapajani anastahili pa kukanyaga palipo imara.

Kurudisha

Paka chuma rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, lakini acha nyuso zinazogusana na injini au fremu bila tabaka nene. Rangi nene husinyaa, boliti zikalegea.

Kama boliti moja imeinama au uzi wake umeliwa, badilisha zote. Tafuta zilizoandikwa 8.8 kichwani na zenye urefu uleule. Fupi mno inashika nyuzi chache na kuzing'oa. Ndefu mno inagota ndani ya tundu la injini, unadhani imekaza kumbe imesukuma alumini. Weka washa za springi kama zilikuwepo.

Ingiza boliti zote kwa vidole, bila spana, angalau mizunguko mitatu. Isiyotaka kuingia kwa vidole inaingia upande. Itoe uanze upya. Kisha kaza kwa mpangilio wa msalaba, kidogokidogo. Boliti ya milimita 8 inataka nyutoni mita 20 hadi 25 hivi, isipokuwa kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine. Usipokuwa na spana ya kupimia, ni sawa na kuvuta kwa uzito wa kama kilo 15 mwishoni mwa spana yenye urefu wa sentimita 15. Usiongeze bomba kwenye spana.

Raba iingizwe kwa maji ya sabuni. Ukitumia oili itaingia haraka, lakini itazunguka chini ya kiatu, na oili huiozesha. Raba iliyochanika ibadilishwe.

Breki, gia na stendi

Kikanyagio kikirudi mahali pake, vile vinavyokizunguka lazima virekebishwe nacho.

Pedali ya breki ikae pale kidole gumba cha mguu kinapoifikia bila kunyanyua kisigino. Kwa breki ya ngoma, mchezo wa pedali kabla ya kushika uwe kati ya milimita 20 na 30 kwa pikipiki nyingi. Rekebisha kwa nati iliyo mwishoni mwa fimbo ya breki. Zungusha tairi la nyuma kwa mkono: lizunguke huru, kisha likamatwe ukikanyaga. Taa ya breki iwake kabla tu breki haijashika, na izimike ukiachia.

Pedali ya gia kama nayo imepinda, ivue kwenye shafti kabla ya kuinyoosha. Weka alama ya rangi kwenye shafti na kwenye pedali ili urudishe kwenye meno yaleyale. Ukiinyoosha ikiwa kwenye shafti, unaweza kuipinda shafti na kuharibu sili, na oili itaanza kudondoka. Kwa pedali ya vidole na kisigino, hakikisha sehemu ya kisigino inashuka hadi mwisho bila kugota kwenye baa.

Mwisho ni stendi ya pembeni. Kama imefungwa kwenye baa, baa iliyopinda ilibadilisha mwegemeo wa pikipiki. Isimamishe palipo sawa. Ikiwa wima mno, upepo au mtu akiigusa itaangukia upande wa pili. Ikilala mno, ni nzito kuinyanyua na stendi inaelemewa. Pikipiki inaweza kuangushwa mara ya pili na stendi ambayo haikutazamwa baada ya mara ya kwanza.

Jaribu kabla ya kubeba mtu

Mwombe mwenzako ashike pikipiki kwa mbele, wewe simama juu ya vikanyagio vyote viwili kwa uzito wako wote na ujirushe kidogo. Sikiliza mlio wa kukatika, tazama kama kuna kinachoshuka. Pima tena kutoka sakafuni hadi kila ncha, vipimo visibadilike. Kisha endesha polepole mahali pa wazi, shika breki mara kadhaa, panda na ushuke gia zote. Ukirudi, pitisha mkono chini ya injini kutafuta oili.

Baada ya siku ya kwanza ya kazi, kagua boliti kwa spana. Baada ya hapo ziguse kila unapobadilisha oili, maana uko chini tayari.

Na ukimpelekea fundi, mwambie mambo matatu kabla hajashika nyundo: akivue kwanza, asikipoze kwa maji, akuonyeshe kipimo cha chaki kabla ya kukirudisha. Fundi anayeijua kazi yake hatachukia kuambiwa. Anayesisitiza kutia bomba palepale pikipiki ikiwa imesimama, mshukuru na uende kwa mwingine.